Mashine ipi ya kamari "inatoa"? Piga hesabu hii kabla ya kuweka faranga yako

Katika mitaa ya Bujumbura, watu wakizungumzia mashine za kamari, swali huwa moja: ipi inatoa? Mmoja atakuambia ni ile iliyo karibu na mlango. Mwingine atasema ni ile ambayo haijatoa chochote tangu asubuhi, kwa hiyo sasa "imeiva". Vijana wenye simu wanaulizana mchezo gani wa sloti ni mzuri, au ni saa ngapi "kindege" huwa kinapaa mbali.

Kamari ya mashine si kitu kigeni katika mji huu. Hata mpenzi wa mpira ambaye hajawahi kucheza anaijua timu ya LLB: herufi hizo zinatokana na Lydia Ludic Burundi, jina la kampuni ya mashine za kamari. Siku hizi michezo ya aina hiyo ipo pia kwenye simu, na pesa ya simu inafanya kuweka dau kuwe jambo la sekunde chache.

Makala hii ni kwa ajili ya mkimbizi na mwenyeji, anayecheza na asiyecheza. Tunataka kulijibu swali lile lile la mtaani, kwa hesabu. Jibu fupi ni hili: hakuna mashine iliyotengenezwa itoe zaidi ya inachopokea. Unapochagua mashine, unachagua pesa yako itaondoka kwa kasi gani. Kasi hiyo inaweza kuhesabiwa, na ukishaijua unaweza kuamua kwa akili tulivu kama utakaa au utaondoka.

Ndani ya mashine kuna nini?

Mashine ya zamani iliyopata umaarufu mkubwa inaitwa Liberty Bell. Ilitengenezwa na fundi Charles Fey huko San Francisco, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Ilikuwa na magurudumu matatu yenye picha. Ukivuta mkono wa mashine, magurudumu yanazunguka kisha yanasimama. Kengele tatu zikijipanga kwenye mstari, umepata zawadi kubwa.

Chukua mfano rahisi wa mashine ya namna hiyo. Kila gurudumu lina picha 10, na moja tu kati yake ni kengele. Njia ambazo magurudumu matatu yanaweza kusimama ni 10 mara 10 mara 10, yaani 1,000. Kengele tatu ni njia moja tu kati ya hizo 1,000.

Sasa tuseme kila mzunguko unalipiwa faranga 100. Katika mizunguko 1,000 mashine inapokea faranga 100,000. Ingekuwa mchezo wa haki kabisa kati yako na mashine, jumla ya zawadi nayo ingekuwa faranga 100,000. Lakini mwenye mashine anapanga zawadi ya kengele iwe 60,000, na zawadi ndogo ndogo zote kwa pamoja ziwe 30,000. Jumla ni 90,000. Zile 10,000 zinazobaki ni zake.

Angalia vizuri: hapo hakuna aliyeiba. Mashine haijaharibika, wala haina uchawi. Faida ya mwenye mashine imewekwa ndani ya orodha ya zawadi tangu siku ya kwanza. Ile sehemu inayorudi kwa wachezaji wote, hapa asilimia 90, inaitwa kiwango cha marejesho.

Unachokiona sicho kilichomo

Mashine za leo zinaongozwa na kompyuta. Mwaka 1984 Inge Telnaes, raia wa Norway, alipata hataza nchini Marekani ya njia ya kutenganisha gurudumu unaloliona na gurudumu la kweli lililomo ndani ya kompyuta.

Maana yake ni nini kwako? Tuseme kwenye kioo unaona gurudumu lenye nafasi 22, na picha ya zawadi kuu iko kwenye nafasi moja. Ukihesabu kwa macho, picha tatu za aina hiyo zinaweza kujipanga mara moja katika mizunguko 10,648. Lakini ndani ya kompyuta kila gurudumu linaweza kuwa na nafasi 64, na ile picha ikapewa moja tu. Hapo zawadi kuu inakuwa mara moja katika mizunguko 262,144. Macho yako yameona jambo gumu kidogo, kumbe ni gumu mara 24 zaidi.

Ndiyo sababu huwezi kuchagua mashine kwa kuitazama. Mashine mbili zenye picha zile zile, taa zile zile na muziki ule ule zinaweza kuwa na marejesho tofauti kabisa.

Je, mashine inaweza "kuiva"?

Hapana. Ndani ya kompyuta kuna programu inayotoa namba bila kukoma, maelfu kwa maelfu, hata wakati hakuna anayecheza. Unapobonyeza kitufe, namba iliyopo wakati huo ndiyo inayoamua matokeo. Magurudumu yanayozunguka kwenye kioo ni maonyesho tu, kwa sababu jibu limeshapatikana kabla hayajasimama.

Programu hiyo haikumbuki kilichotokea nyuma. Fikiria sarafu. Ukiirusha mara tano na ikaanguka upande wa kichwa mara zote tano, mara ya sita nafasi ya kichwa bado ni nusu kwa nusu. Sarafu haijui kwamba umekaa unasubiri. Vivyo hivyo, mashine iliyokula pesa tangu asubuhi haina deni kwako, na ile iliyotoa jana haijachoka.

Imani hii ina madhara yake. Mtu aliyepoteza faranga 8,000 anaogopa kuondoka, kwa sababu anaona kama amemwandalia mwingine chakula. Anaenda kukopa ili aendelee. Kumbe anayekaa kwenye kiti baada yake atakuwa na nafasi ile ile aliyokuwa nayo yeye.

"Asilimia 95" inamaanisha nini?

Baadhi ya michezo, hasa ya kwenye simu, inaandika kiwango chake cha marejesho, kwa mfano asilimia 95. Wengi wanaelewa hivi: nikiingia na faranga 10,000 nitatoka na 9,500, hasara ya 500 si kitu. Sivyo.

Asilimia hiyo inahesabiwa kwa kila dau, na mchezaji huwa hatoki baada ya kuzungusha pesa yake mara moja. Anachoshinda anakirudisha. Kwa wastani mambo huenda hivi: ukiipitisha faranga 10,000 yote kwenye mashine mara moja, inabaki 9,500. Ukiipitisha hiyo 9,500, inabaki 9,025. Ukifanya hivyo mara 10, imebaki karibu 6,000. Mara 20, karibu 3,600.

Na kuipitisha pesa yote hakuchukui muda mrefu. Kwa dau la faranga 200, faranga 10,000 ni mizunguko 50. Ukibonyeza kila baada ya sekunde 6, umemaliza ndani ya dakika 5.

Kumbuka pia kwamba hayo ni ya wastani. Wewe peke yako, jioni moja, unaweza kushinda. Kuna anayeshinda kweli, na habari zake husambaa mtaa mzima. Wale wengi walioondoka mikono mitupu hawamsimulii mtu. Kadiri mtu anavyocheza mara nyingi zaidi, ndivyo matokeo yake yanavyosogea karibu na wastani, na wastani siku zote uko upande wa mwenye mashine.

Hesabu ya saa moja

Hapa ndipo kuchagua kunapoanza kuwa na maana. Ukitaka kujua bei ya kweli ya mashine, zidisha vitu vitatu: dau la kila mzunguko, idadi ya mizunguko kwa saa, na sehemu inayobaki kwa mwenye mashine. Tazama mifano mitatu.

Mashine ya kwanza: dau faranga 100, mizunguko 300 kwa saa, marejesho asilimia 90. Kwa saa moja umeweka madau ya 30,000. Asilimia 10 yake ni 3,000. Hiyo ndiyo bei ya saa moja.

Mashine ya pili: dau faranga 200, mizunguko 600 kwa saa, marejesho asilimia 95. Madau ya saa moja ni 120,000. Asilimia 5 yake ni 6,000.

Mashine ya tatu: dau faranga 100, mizunguko 600 kwa saa, marejesho asilimia 85. Madau ni 60,000, na asilimia 15 yake ni 9,000.

Umeona jambo la ajabu? Mashine ya pili ndiyo yenye asilimia nzuri kuliko zote, lakini inakugharimu mara mbili ya ile ya kwanza, kwa sababu dau lake ni kubwa na inakwenda haraka. Kwa hiyo anayekuambia "cheza hii, marejesho yake ni makubwa" amekupa theluthi moja tu ya hesabu. Uliza na mengine mawili.

Kuhusu dau kuna mtego mwingine. Michezo mingi ya sloti ina mistari mingi, na bei inayoandikwa kwa herufi kubwa ni ya mstari mmoja. Faranga 10 kwa mstari inaonekana ndogo. Kama mistari ni 20, kila unapobonyeza umelipa 200.

Mambo matatu yanayomfanya mtu asiondoke

La kwanza ni "karibu nipate". Kengele mbili zimesimama, ya tatu imepita kidogo tu. Moyo unaruka, na mkono unabonyeza tena. Kwa hesabu, kukosa kidogo na kukosa kabisa ni kitu kimoja: umelipa, hujapata. Lakini wanasayansi waliochunguza ubongo wa wachezaji wameona kwamba kukosa kidogo kunaamsha sehemu zinazohusika na furaha ya kushinda, na kunampa mtu hamu ya kuendelea.

La pili ni ushindi wa uongo. Umeweka dau la 200 kwa mistari 20. Mstari mmoja umelipa 80. Taa zinawaka, muziki unapigwa, kioo kinaandika kwamba umeshinda. Ukweli ni kwamba umepoteza 120. Uingereza ililiona tatizo hili kuwa zito. Tangu mwaka 2021, sloti za kwenye intaneti huko haziruhusiwi kushangilia malipo yasiyozidi dau, na mzunguko mmoja hauruhusiwi kuchukua chini ya sekunde 2.5. Mwaka 2025 nchi hiyo iliweka pia kikomo cha dau la sloti za intaneti: pauni 5 kwa mzunguko, na pauni 2 kwa vijana wa miaka 18 hadi 24. Serikali inapopunguza kasi na dau, inagusa sehemu mbili za hesabu yetu ya hapo juu.

La tatu ni zawadi isiyojulikana itakuja lini. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha kwamba mnyama anayepewa chakula mara moja moja, bila mpango anaoweza kuutabiri, anaendelea kubonyeza kitufe kwa muda mrefu kuliko anayepewa kila mara. Mashine ya kamari inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiona ndugu yako hawezi kuinuka kwenye kiti, usiseme haraka kwamba ni mpumbavu au hana dini. Amekaa mbele ya kifaa kilichoundwa ili asiinuke.

Mashine ndogo za madukani

Kuna tofauti kubwa kati ya mashine iliyo katika ukumbi wenye kibali na kisanduku kilichowekwa kwenye kona ya duka. Visanduku hivi vimeenea Afrika Mashariki kote. Kenya wengi wanaviita mashine za Wachina, Tanzania vijana wanaviita dubwi. Vinatumia sarafu au jetoni, taa inazunguka juu ya picha za matunda, na mtoto anaweza kufikia kitufe.

Visanduku vingi vya namna hii vina swichi au menyu ya ndani inayomruhusu mwenye nacho kupanga mashine itoe kidogo au zaidi. Kama hakuna ofisi inayokikagua, hakuna anayejua kimepangwa vipi isipokuwa mwenye ufunguo. Na ukishinda zawadi ambayo mwenye duka hana uwezo wa kuilipa, utamlalamikia nani?

Majirani zetu wamelikuta tatizo hili. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilifanya msako mkubwa wa mashine zisizo na kibali, na nyingi zikachomwa moto. Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo ndiyo inayotoa leseni. Tanzania na Kenya haziruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na sheria ya Uganda ya mwaka 2016 ilipandisha umri hadi miaka 25.

Wewe mwenye duka, jambo hili linakuhusu pia. Ukikubali kuwekewa kisanduku dukani kwako, uliza kibali chake kiko wapi, na amua mapema utafanya nini mtoto akija na sarafu aliyotumwa kununulia chumvi. Mteja anayemaliza pesa ya sabuni kwenye kisanduku chako hatanunua sabuni yako.

Kindege, bonasi na wauza "siri"

Kwenye simu, mchezo unaotajwa sana ni Aviator wa kampuni ya Spribe, ambao wengi wanauita kindege. Ndege inapaa, namba inapanda, nawe unapaswa kutoa pesa kabla haijatoweka. Hapa mtu anajiona kama ana uwezo wa kuamua, tofauti na sloti. Hebu tupige hesabu.

Kampuni yenyewe inataja marejesho ya asilimia 97. Ukiweka dau la faranga 1,000 mara 100 na kila mara ukatoka namba inapofika 2, kwa wastani utafanikiwa mara 48 au 49. Utapata karibu 97,000 kwa 100,000 uliyoweka. Ukisubiri hadi 10, utafanikiwa karibu mara 10 tu kati ya 100, na jumla itakuwa ile ile, karibu 97,000. Kutoka mapema au kuchelewa kunabadilisha jinsi pesa inavyopanda na kushuka, lakini sehemu ya kampuni haibadiliki. Tena mchezo unakwenda haraka. Kama kila mruko unachukua sekunde 20, saa moja ina miruko 180. Kwa dau la 1,000, bei ya saa hiyo ni faranga 5,400.

Jihadhari na watu wa WhatsApp na Telegram wanaouza "signali" au programu ya kutabiri kindege kitaanguka lini. Hakuna programu kwenye simu yako inayoweza kuiona namba ambayo mchezo haujaitangaza. Na jiulize swali la kawaida: mtu anayejua kindege kitaanguka lini, kwa nini akuuzie wewe siri hiyo kwa faranga 5,000 badala ya kucheza mwenyewe kimya kimya? Wengine wanataka namba ya siri ya pesa yako ya simu. Usimpe mtu yeyote namba hiyo, hata akisema anatoka kwenye kampuni.

Bonasi nayo ina masharti. Tuseme umepewa bonasi ya faranga 10,000, na sharti ni kuizungusha mara 30 kabla ya kutoa pesa. Maana yake lazima uweke madau ya 300,000. Kwa mchezo wa asilimia 95, hasara ya wastani ya madau hayo ni 15,000. Zawadi ya 10,000 imekugharimu 15,000.

Ukiamua kucheza, uliza haya kwanza

Mtu mzima ana haki ya kuamua afanye nini na pesa yake. Kama umeamua kucheza, chagua kwa kuuliza maswali haya:

1. Mwenye mashine au programu ni nani, na kibali chake kiko wapi? Kama huoni jina wala kibali, ondoka.
2. Dau kamili la kubonyeza mara moja ni kiasi gani, mistari yote ikihesabiwa? Chagua dogo kuliko yote.
3. Inakwenda kasi gani? Chagua inayochelewa. Usiwashe kamwe mtindo wa kujizungusha wenyewe.
4. Kiwango cha marejesho kimeandikwa? Kama hakijaandikwa, chukulia kwamba ni kibaya.
5. Zawadi kuu inakua kila siku hadi mtu aipate? Sehemu ya kila dau inakwenda kwenye zawadi hiyo moja, kwa hiyo zawadi za kawaida huwa haba.
6. Saa yangu moja hapa itagharimu kiasi gani? Piga hesabu ile ya vitu vitatu. Kisha jiulize: ningelipa bei hii kwa burudani nyingine?

Weka kiasi mfukoni kabla ya kutoka nyumbani, na uache simu yenye pesa kwa mtu unayemwamini. Kiasi kikiisha, umemaliza. Ukishinda, usirudishe. Usicheze ukiwa umelewa, una hasira, au unatafuta kodi ya nyumba. Mashine haijawahi kuwa njia ya kulipa deni.

Pesa ambayo haipaswi kugusa mashine

Kama familia yako inapata msaada wa pesa, pesa hiyo imepimwa kwa idadi ya midomo iliyo nyumbani. Haina ziada ya kuchezea. Hali ni hiyo hiyo kwa pesa ya likelemba au tontini uliyokabidhiwa, ada ya shule, na pesa ndugu aliyokutumia kwa ajili ya dawa. Usiweke rehani kadi yako ya chakula wala kitambulisho chako cha ukimbizi kwa ajili ya deni la kamari. Ukipoteza karata hizo, utapoteza zaidi ya pesa.

Fikiria faranga 3,000, bei ya saa moja kwenye ile mashine yetu ya kwanza, iliyo nafuu kuliko zote tatu. Mtu anayekaa hapo saa moja kila wiki, kwa wiki 52 amelipa 156,000. Pesa hiyo hiyo ikiwekwa kwenye likelemba kila wiki, inarudi mkononi mwako yote, siku unayoijua.

Dalili kwamba mchezo umekushika

Shirika la Afya Duniani (OMS) linatambua kwamba kamari inaweza kuwa ugonjwa, na limeuweka kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa inayotumika tangu mwaka 2022. Jichunguze, au mchunguze kwa upole unayempenda:

- Unarudi kesho yake ili kurudisha ulichopoteza jana.
- Unaongeza dau ili upate msisimko ule ule.
- Unaficha au unadanganya kuhusu muda na pesa.
- Unakopa, unauza vitu vya nyumbani, au unachukua pesa isiyo yako.
- Umejaribu kuacha mara kadhaa na umeshindwa.
- Usipocheza unakosa usingizi au unakuwa mkali kwa watoto.

Ukijiona kwenye mambo mawili au matatu kati ya hayo, mwambie mtu leo. Anza na unayemwamini: mke au mume, mzee wa mtaa, sheikh, padri au mchungaji wako. Futa programu kwenye simu, na uiombe kampuni ifunge akaunti yako. Mpe mtu mwingine wa nyumbani kazi ya kupokea pesa kwa miezi michache. Madeni yaandike yote kwenye karatasi, hata yale ya aibu, kisha mpange pamoja yatakavyolipwa kidogo kidogo.

Wewe ambaye mwenzako anacheza, usimlipie deni la kamari kimya kimya, kwa maana atarudi na deni jingine. Zungumza naye akiwa ametulia, si siku aliyotoka kupoteza. Kama nyumbani kumeingia vipigo au vitisho, usisubiri mchezo uishe: nenda kwa wahudumu wa ulinzi.

Mkimbizi anaweza kuwaeleza wahudumu wa jamii au wa afya katika kambi yake, iwe Gasorwe, Musasa, Bwagiriza, Kavumu, Nyankanda au eneo la Musenyi. Anayeishi mjini anaweza kupitia ofisi ya ONPRA au mashirika yanayofanya kazi na HCR. Mkimbizi na mwenyeji wote wanaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu na kueleza shida ilivyo. Kwa matatizo ya akili na ya uraibu, Bujumbura ina hospitali ya CNPK huko Kamenge. Waambie kama ulivyo: nacheza kamari, nimeshindwa kuacha, nataka msaada.